Una Nini Shambani?

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:1-7, Mwanzo 47:13-26



Juma hili nataka Neno livae gambuti liingie shambani. Wengi wetu hapa Trans Nzoia Jumapili tuko kanisani, lakini Jumatatu asubuhi tuko na jembe mkononi. Imani isiyoweza kutufuata mpaka kwenye mistari ya mahindi, sijui itatufaa nini zile siku zingine sita.

Swali lenyewe lilizuka katika ushirika wa nyumbani, msimu wa kupanda ukikaribia. Kijana wetu mmoja aliyesomea kilimo alisema mbolea ya dukani ni mafuta ya petroli yaliyotiwa kwenye gunia, kwamba inachosha udongo na kuharibu hewa, na kwamba Mkristo anayejua hayo na bado anaitumia anawaibia watoto wake. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake ni ekari moja na robo, akamjibu polepole: "Mwanangu, nikiiacha msimu huu, hao watoto watakula nini?" Nyumba nzima ikanyamaza.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na naona wote wawili walikuwa wanamtetea mtoto. Kijana anamtetea mtoto wa kesho, mama anamtetea mtoto wa leo. Ndiyo maana sitaki tuulize tu kama mbolea ni nzuri au mbaya. Hebu tuulize hivi: mtoto wa leo na mtoto wa kesho wakigombania shamba moja, haki iko wapi? Na ni nani abebe gharama ya kuwapatanisha?

1. Gunia lina nini ndani?

Kijana hakusema uongo. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayofanya mahindi yawe ya kijani kibichi na yanenepe. Lakini mahindi hayawezi kuila moja kwa moja kutoka hewani. Ni kama mtu kufa njaa nje ya ghala lililofungwa kufuli. Mwaka 1909 mwanasayansi Mjerumani, Fritz Haber, alionyesha jinsi ya kulifungua kufuli hilo, na mwaka 1913 kiwanda kikaanza kazi kule Oppau, Ujerumani, kwa ustadi wa mwenzake Carl Bosch. Ufunguo wao ni joto kali, mgandamizo mkubwa, na haidrojeni. Na haidrojeni hiyo, mpaka leo, kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye gesi asilia inayochimbwa ardhini. Kule China wanatumia sana makaa ya mawe. Hapo ndipo inapatikana amonia, na kutoka kwa amonia tunapata Urea, CAN, na ile naitrojeni iliyo ndani ya DAP.

Sasa lifuate gunia. Linapanda meli mpaka Mombasa. Linapanda lori la dizeli mpaka Kitale. Linamwagwa kwenye shamba lililolimwa na trekta ya dizeli. Mahindi yakikauka, mashine ya kupukuchua inanguruma kwa dizeli, na pengine ya kusaga vilevile. Kwa hivyo, mpendwa, ugali ulio mezani kwako una mafuta ndani yake, hata kama mpishi hakutia tone. Na mbolea ikizidi kile mimea inaweza kula, nyingine inaoshwa mpaka mitoni, na nyingine inapanda angani kuwa gesi inayoipasha dunia joto.

Lakini tuwe wakweli pande zote mbili. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu duniani wanakula chakula kilichokuzwa kwa naitrojeni ya viwandani. Ikitoweka kesho asubuhi, wa kwanza kulala njaa hawatakuwa matajiri. Kwa hivyo siwezi kusimama kwenye mimbari nikaliita gunia hilo la shetani. Limelisha watu. Limelisha hata mimi ninayeandika.

2. Kinachokuokoa kinaweza kukumiliki

Tukisoma habari za Yusufu, wengi wetu huishia pale alipoweka akiba ya nafaka. Tunashangilia, tunasema Amina, tunafunga Biblia. Lakini endelea mpaka Mwanzo 47. Njaa ilipozidi, watu walikuja kwa Yusufu na fedha, wakapata chakula. Fedha zikaisha, wakaleta mifugo. Mwaka uliofuata mifugo nayo ikawa imekwisha, wakatoa ardhi yao na miili yao. Yusufu akawapa mbegu, wakapanda, lakini kutoka siku hiyo sehemu ya tano ya mavuno ikawa ya Farao.

Angalia kitu kimoja hapo. Yusufu hakuwa mwizi, na watu wenyewe walimshukuru kwa kuwaokoa maisha. Ndiyo maana habari hii ni ngumu. Inatuonyesha kwamba kitu kinaweza kukuokoa kweli kabisa, na bado kikakumiliki. Mtu aliyetegemea ghala moja tu hakuuza shamba lake siku moja. Aliliuza kidogo kidogo, kila msimu akiwa na sababu nzuri.

Sisi tulilionja jambo hilo mwaka 2022. Vita vilipoanza Ukraine, bei ya gesi ikapanda, na mfuko wa kilo 50 wa DAP hapa kwetu ukapita shilingi 6,000. Mkulima wa Kitale ambaye hajawahi kuiona Ukraine hata kwenye ramani akalipia vita vyake. Septemba mwaka huo serikali ilileta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikashuka mpaka 2,500. Tulishukuru, na tulifanya vizuri kushukuru. Lakini ruzuku inalipwa kwa kodi yetu wenyewe, na gunia ni lile lile, linatoka ng'ambo ile ile. Tulibadilishiwa bei tu. Utegemezi ulibaki pale pale.

Na udongo unatoa ushahidi wake. Sehemu nyingi za huku kwetu na za Magharibi, udongo umekuwa na asidi nyingi, na kuweka DAP mwaka baada ya mwaka bila kitu kingine kumeongeza hali hiyo. Asidi ikizidi, fosforasi inashikwa na udongo, mizizi haiwezi kuipata. Unanunua mbolea, unaiweka, na mmea hauioni. Mavuno yakipungua unaambiwa uongeze gunia. Huo ndio mwendo wa Mwanzo 47: leo fedha, kesho mifugo, kesho kutwa shamba lenyewe.

3. Tusiwafungie watu mizigo

Basi tuache mara moja? Hapa namgeukia kijana wetu kwa upendo.

Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku kuingiza mbolea za kemikali, nchi nzima, karibu kwa mara moja. Wakulima hawakupewa muda wa kutengeneza mbolea ya asili ya kutosha, wala mafunzo. Mavuno ya mpunga yakaanguka, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza kutoka nje. Kabla ya mwaka kuisha, marufuku ikabidi ilegezwe. Nchi hiyo ilikuwa na shida nyingine kubwa pia za madeni na fedha za kigeni, lakini hii iliongeza moto. Julai 2022 wananchi walijaa barabarani na rais akatoroka nchi.

Kuba nao walifika huko kwa njia nyingine. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, mafuta na mbolea walizokuwa wakiletewa zikakatika. Trekta zikasimama. Watu wakafundisha ng'ombe upya kuvuta majembe, wakalima mboga mpaka katikati ya miji. Tunaweza kusifu bidii yao, lakini tusisahau kwamba waliisoma shule hiyo na njaa tumboni. Watu wengi walikonda.

Mmoja aliamriwa, mwingine alilazimishwa, na wote walistukizwa. Torati ilisema ardhi ipewe mapumziko yake mwaka wa saba, na mwisho wa 2 Mambo ya Nyakati tunasoma kwamba watu walipopelekwa uhamishoni, nchi ilizilipa sabato zake. Ardhi isiyopumzishwa kwa hiari hupumzika kwa nguvu. Kwa hivyo wakati wa kujifunza ni sasa, gunia likiwa bado linapatikana dukani.

Lakini nani ajifunze kwanza? Katika Mathayo 23 Bwana Yesu aliwakemea wale wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine, wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Na rudi tena Mwanzo 47, mstari wa 22. Makuhani hawakuuza ardhi yao, kwa sababu walikuwa na posho kutoka kwa Farao. Mstari huo unanichoma. Mimi mhudumu napata posho yangu ya mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Nikimwambia mama mwenye ekari moja na robo aache mbolea kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia, nimehubiri dhabihu ambayo si mimi nitakayeilipa.

Tena tupime haki kwa mizani. Mkulima wa Afrika kusini mwa Sahara anatumia mbolea kidogo sana kwa ekari moja akilinganishwa na mkulima wa Ulaya au China. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na mpaka leo nchi nyingi hazijafika. Mjane wetu siye aliyeipasha dunia joto. Hawezi kuwa wa kwanza kutozwa faini.

4. Chupa moja ya mafuta

Sasa njoo 2 Wafalme 4. Hapa pia kuna mjane, kuna deni, na kuna watoto wawili ambao mdai anataka kuwachukua wawe watumwa. Deni la mzazi linakwenda kulipwa na mwili wa mtoto! Kama kuna andiko linalozungumzia udongo tunaowaachia watoto wetu, ni hili.

Elisha hakumpa hotuba juu ya ubaya wa kukopa. Alimuuliza ana kitu gani nyumbani. Mama akajibu kwanza kwamba hana kitu, halafu akakumbuka chupa ya mafuta. Sikiza, mpendwa: muujiza ulianzia kwenye kile alichokuwa amekihesabu kuwa si kitu. Na ni mafuta! Alikuwa nayo ndani ya nyumba siku zote alizokuwa akiogopa mdai.

Basi na sisi tujibu. Tuna nini shambani?

Tuna mikunde. Ng'oa mharage, au njahi, au kunde, uangalie mizizi. Utaona vinundu vidogo. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Ndani yake kuna bakteria wanaofungua lile lile kufuli la Haber, bila gesi, bila moto, bila meli. Mungu aliweka kiwanda hicho kwenye mzizi kabla Ujerumani haijaitwa Ujerumani.

Tuna samadi, lakini wengi wetu tunaianika juani na kuinyeshea mvua mpaka nguvu yote inaondoka. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya ng'ombe iko kwenye mkojo, na mkojo tunauacha utiririke. Weka majani makavu au mabua zizini yaunyonye, kusanya, funika, kivulini. Hiyo ni pesa.

Tuna ujuzi uliozaliwa hapa hapa Kenya. Kituo cha icipe, kwa kazi yao kule Mbita ufuoni mwa Ziwa Viktoria, wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza, walianza miaka ya 1990 kuwafundisha wakulima kilimo cha vuta-sukuma. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo anayezaa viwavi wa kutoboa mabua. Nepia inamvuta nje. Mizizi ya desmodiamu inazuia lile gugu la striga ambalo ndugu zetu wa Nyanza wanaliita kayongo. Inaongeza naitrojeni udongoni. Halafu unaikata unalisha ng'ombe, na ng'ombe anakurudishia samadi.

Tuna chokaa ya shamba, inachimbwa kwetu wenyewe, kama kule Koru. Mwenye udongo wa asidi akipima na kuweka chokaa, ile mbolea kidogo aliyonunua inaanza kuliwa na mmea. Huyo amepunguza hasara hata kabla ya kupunguza gunia.

Na tuna jua. Anayemwagilia mboga kwa pampu ya petroli anajua inakunywa kiasi gani. Pampu ya sola ni ghali siku ya kununua, lakini jua halipandishi bei. Hata stima yetu ya Kenya kwa sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, wala si dizeli. Kwa hivyo posho mill ya stima ni hatua pia.

5. Vyombo vya majirani

Wako wanaosema, "Mchungaji, Bwana yuaja. Udongo wa nini?" Soma Luka 12. Mtumwa anayesifiwa ni yule ambaye bwana wake akija anamkuta akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake. Kungoja kwetu ni kwa namna hiyo.

Wengine wanasema Mungu atatenda muujiza. Naam, atatenda! Lakini katika habari hii muujiza ulihitaji vyombo, na vyombo vilitoka kwa majirani. Elisha alimwambia aazime vingi, asiazime vichache. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Yaani kiasi cha muujiza wa yule mjane kilitegemea majirani zake walivyokuwa tayari kufungua mlango. Fikiria jirani aliyekataa kumwazima sufuria. Hakujua alikuwa anaipunguza riziki ya yatima.

Hapo ndipo nimepata jibu langu kwa lile swali. Tumepewa shamba tulilime na kulitunza pia, kama Mwanzo 2:15 inavyosema, na mtoto wa kesho ana haki juu yetu. Lakini gharama ya kujaribu isibebwe na aliye dhaifu. Abebe mwenye uwezo wa kupoteza na bado akala jioni. Mwenye ekari ishirini ajaribu kwenye mbili. Mwenye mshahara atangulie. Na kanisa litangulie mbele ya wote.

Kwa hivyo nimewaomba wazee wa kanisa tufanye hivi msimu ujao. Shamba la kanisa tuligawanye nusu. Nusu moja tulime kama kawaida. Nusu nyingine tupime udongo, tuweke chokaa, tupande desmodiamu na nepia, tuweke samadi iliyofunikwa, na tupunguze mbolea ya dukani bila kuiondoa yote. Tuandike kila kitu kwenye daftari, na kila debe lihesabiwe mbele ya washirika. Magunia yakipungua, tutakuwa tumepungukiwa sote, wala si mjane peke yake. Yakiwa mazuri, vipandikizi vya desmodiamu vitagawiwa bure, tukianza na wenye mashamba madogo. Chama cha akina mama kinaweza kuleta chokaa kwa lori moja, kwa sababu mtu mmoja na mfuko mmoja usafiri unammaliza.

Kumbuka pia mpangilio wa Elisha. Uza mafuta, lipa deni, halafu wewe na wanao mwishi kwa kilichobaki. Hakumwambia mama amkimbie mdai. Vivyo hivyo, mama yangu, panda na mbolea yako msimu huu bila dhamiri kukushtaki. Lakini katika kona moja ya shamba, hata hatua kumi kwa kumi, anza kulipa deni. Msimu unaofuata ongeza kona.

Tafakari nyumbani

1. Ni kitu gani katika shamba lako umekuwa ukikiita si kitu?
2. Ukihesabu pesa za mbolea, dawa, petroli na dizeli za msimu uliopita, ni kiasi gani kilibaki cha kula na karo?
3. Ni chombo gani jirani yako anaweza kukuazima, na wewe umemnyima kipi?

Ombi

Baba, ardhi ni yako, sisi ni wapangaji. Asante kwa kila gunia lililotulisha wakati wa haja. Tufungue macho tuone ulichotuwekea kwenye mizizi, zizini na juani. Wape wenye nguvu moyo wa kutangulia, na wanyonge nafasi ya kufuata bila kuumia. Usiruhusu watoto wetu wachukuliwe kwa sababu ya deni letu. Katika jina la Yesu. Amina.